Kapasita za Kubadilisha katika Maboksi ya Spika ya Chama

Katika vyama vingi vya msingi, maboksi ya spika ni mali ya siku nyingi. Yalinunuliwa katika msimu uliokuwa mzuri, yakaandikwa katika daftari la mali, na tangu hapo hutolewa ghalani mara chache kwa mwaka: siku ya mkutano mkuu, siku ya kupokea wageni wa serikali, na siku mwanachama anapoyakodi kwa ajili ya harusi. Yanapoanza kutoa sauti nzito isiyoeleweka, kamati husema kwamba yamezeeka, na katika makisio ya mwaka unaofuata hutengwa fungu la kununua mapya. Mara nyingi uamuzi huo hupitishwa kabla ya boksi hata moja kufunguliwa.

Makala haya yanahusu kifaa kimoja kidogo kilichomo ndani ya boksi, kiitwacho kapasita, ambacho aghalabu ndicho huchoka kwanza, na jinsi ya kuchagua kingine cha kukaa mahali pake. Hayakusudii kumgeuza katibu kuwa fundi. Yanakusudia katibu aweze kuandika barua ya kuagiza kitu kinachotakiwa, aweze kumwuliza fundi maswali ya maana kabla ya kutia sahihi hati ya malipo, na aweze kuieleza kamati kwa nini boksi linalodhaniwa kuwa limekufa huenda limepungukiwa na kitu kisichozidi ukubwa wa kidole.

SITINI NA TISINI

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha msingi upande wa Shanwe, katika manispaa ya Mpanda, katibu alisoma pendekezo la makato ya kuendeshea chama. Alisoma shilingi sitini kwa kila kilo ya tumbaku. Wanachama waliokaa mbele walisikia sitini. Wale waliokaa nyuma, karibu na mlango wa ghala na nje chini ya mwembe, walisikia tisini. Mzee mmoja akasimama.

“Ndugu Mwenyekiti, mwaka jana tulikubaliana hamsini. Leo mnaruka hadi tisini, mnatupeleka wapi?”

“Siyo tisini, mzee wangu. Ni sitini.”

“Sasa ndiyo mnasema sitini! Sisi huku nyuma sote tumesikia tisini.”

Karatasi ya katibu ilikuwa imeandikwa sitini tangu mwanzo, na wajumbe wawili waliitwa mbele kuitazama. Hata hivyo asubuhi yote iliishia hapo. Pendekezo lilipopigiwa kura baadaye lilipita, lakini wapo waliorudi nyumbani wakiamini kwamba kiwango kilikuwa tisini kweli, na kwamba kilishushwa kwa sababu ya kelele zao. Imani ya namna hiyo haiandikwi katika muhtasari wa mkutano, nayo hukaa muda mrefu.

Kiswahili kina jambo moja ambalo kila mweka hazina angepaswa kulifahamu. Sita na tisa zina herufi zile zile nne; tofauti yake ni kwamba s na t zimebadilishana nafasi. Ndivyo ilivyo pia kwa sitini na tisini. Irabu ni zile zile, na mkazo wa sauti uko mahali pale pale. Sasa, irabu ndizo zenye nguvu katika sauti ya binadamu, na nguvu hiyo kwa sehemu kubwa iko katika mitetemo ya chini. Konsonanti kama s, f na sh, pamoja na mshindo mdogo wa t, ni sauti nyembamba; s hasa hukaa juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, yaani herzi 4,000. Simu za waya zilipitisha kati ya herzi 300 na 3,400 tu, na ndiyo maana makarani wa zamani walizoea kusema “S ya Sumbawanga, T ya Tabora” wanapotaja jina la mtu kwa simu.

Boksi la spika ambalo upande wake wa sauti nyembamba umekufa humpelekea mwanachama wa nyuma irabu tupu. Katika sitini husikia i tatu zilizofuatana, na katika tisini husikia i tatu zile zile. Pengo lililobaki hulijaza mwenyewe kwa kile anachokihofia.

KAZI YA KAPASITA

Boksi la kawaida la mikutano lina spika mbili au zaidi. Kubwa, iitwayo wufa, hutoa sauti nzito. Ndogo, iitwayo twita, hutoa sauti nyembamba. Amplifaya hupeleka sauti zote pamoja kwa jozi moja ya waya, kwa hiyo ndani ya boksi lazima pawepo kitu cha kuzigawa. Kitu hicho mafundi hukiita krosova. Katika maboksi mazuri huwa ni kibao kidogo nyuma ya mahali pa kuchomekea waya, chenye koili, kapasita na pengine risista. Katika maboksi ya bei nafuu krosova yote ni kapasita moja iliyolehemiwa mgongoni mwa twita.

Koili hupitisha mkondo unaobadilika polepole na kuukinza ule unaobadilika upesi. Kapasita hufanya kinyume chake. Ni karatasi mbili nyembamba za madini zilizolazwa pamoja na kutenganishwa na kitu kisichopitisha umeme, kisha zikakunjwa kama mkeka. Mkondo wa sauti nzito hukwama hapo, na mkondo wa sauti nyembamba hupita kwenda kwenye twita. Kwa hiyo kapasita ina kazi mbili: huipa twita chakula chake, na huikinga dhidi ya chakula cha wufa. Waya wa ndani ya twita ni mwembamba karibu kama unywele. Ukipelekewa mngurumo wa ngoma na besi, huungua katika muda mfupi.

Mahali ambapo twita inaanza kufanya kazi hutegemea mambo mawili, nayo ni ukinzani wa twita unaopimwa kwa omu, na thamani ya kapasita inayopimwa kwa mikrofaradi. Kwa krosova nyepesi yenye kapasita moja, hesabu yake iko ndani ya uwezo wa katibu yeyote: namba 159,000 hugawanywa kwa omu zilizozidishwa kwa mikrofaradi. Twita ya omu 8 yenye kapasita ya mikrofaradi 6.8 huanza karibu na herzi 2,900. Kapasita hiyo hiyo ikichoka hadi kubakia na mikrofaradi 3.9, twita haianzi mpaka karibu herzi 5,100. Wufa imekwisha choka kabla ya kufika huko. Katikati hubaki pengo, na katika pengo hilo ndimo mlimo sehemu kubwa ya maneno ya katibu.

Ndivyo ilivyoonekana katika boksi moja la chama kilichotajwa hapo juu. Wufa ilikuwa nzima, twita ilikuwa nzima, na kapasita iliyoandikwa 6.8 ilipopimwa ikaonyesha 3.9. Katika boksi la pili mguu wa kapasita ulikuwa umeachia kabisa, na twita ilikuwa haijasema neno kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukumbuka.

KWA NINI HUCHOKA

Kapasita zinazotumika zaidi katika krosova za bei ya kati ni za kopo la alumini zenye maji ya kemikali ndani, yaliyolowesha karatasi iliyo kati ya madini. Maji hayo hukauka. Yakipungua, thamani ya kapasita hubadilika na ukinzani wake wa ndani huongezeka, hata sauti nyembamba inayopita ikawa hafifu. Joto huharakisha jambo hilo: kwa kadirio linalotumiwa na mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita hiyo kwa karibu nusu. Kukaa muda mrefu bila kutumika nako kuna madhara, kwa kuwa utando mwembamba unaokinga madini hudhoofika.

Mtu akifikiri juu ya mahali ambapo maboksi ya chama hukaa, hatashangaa. Hukaa ghalani chini ya bati, mwezi wa tisa na wa kumi, pamoja na vumbi la tumbaku na panya, yakingoja mkutano. Boksi ambalo ubavuni mwake bado limeandikwa kwa rangi “Mkoa wa Rukwa” ni la kabla ya mwaka 2012, Katavi ilipoanzishwa, na kapasita zake za maji zimekwisha pita miaka kumi. Hizo zapaswa kupimwa hata kama hakuna aliyelalamika, kwa sababu sauti haifi siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na masikio ya watu wa chama huizoea.

KUHAKIKISHA KABLA YA KUNUNUA

Haifai kununua kapasita kwa kukisia. Kwanza maboksi mawili yasikilizwe moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma, siyo kwa muziki. Kisha boksi lifunguliwe, umeme ukiwa umezimwa na waya za amplifaya zikiwa zimetolewa. Twita itengwe na ipimwe kwa mita. Twita ya omu 8 iliyo nzima huonyesha kama omu 6 hivi. Isiyoonyesha kitu imekatika waya wa ndani, na kapasita mpya haitaifufua. Kuna hata hivyo twita za piezo, ambazo hazina waya wa kuzungushwa na mita haionyeshi kitu hata zikiwa nzima. Hizo hujaribiwa kwa kuhamishiwa katika boksi zima.

Kisha ipimwe kapasita, kwa mita yenye kipimo cha mikrofaradi. Mita ya namna hiyo siku hizi fundi mwenye duka anayo, na asiye nayo asipewe kazi hii. Mguu mmoja wa kapasita ulegezwe kwanza kutoka katika kibao, kwani ikipimwa ikiwa bado imefungwa pamoja na koili na spika, mita hutoa namba ya uongo. Kipimo kilichotofautiana na maandishi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ni sababu ya kutosha ya kuibadilisha. Kopo lililovimba au lililotoa utomvu halihitaji kupimwa. Na ikumbukwe kwamba kapasita huweza kuonyesha thamani njema huku ukinzani wake wa ndani umepanda. Ikiwa imezeeka, twita ni nzima na sauti bado ni hafifu, ibadilishwe tu.

Kuna fundi anayeitoa kapasita mbovu na kuunganisha waya mtupu mahali pake. Twita hulia mara moja, kwa nguvu, na kila mtu hufurahi. Fundi hulipwa. Katika harusi ya kwanza inayofuata twita huungua, na chama sasa kinahitaji kapasita pamoja na twita. Kwa hiyo kazi ikikamilika mjumbe wa kamati aombe kuonyeshwa kapasita mpya ilipo, kabla boksi halijafungwa.

KUSOMA MAANDISHI

Thamani huandikwa ubavuni. Alama ya mikrofaradi ni µF. Katika vifaa vya zamani huandikwa MFD, na maana ni ile ile. Kapasita ndogo za plastiki huandikwa kwa tarakimu tatu, ambapo ya tatu ni idadi ya sifuri katika kipimo kidogo mara milioni kuliko mikrofaradi. Hivyo 105 ni mikrofaradi 1, 225 ni 2.2, 335 ni 3.3, 475 ni 4.7, na 685 ni 6.8. Herufi inayofuata hueleza kosa linaloruhusiwa: J ni asilimia 5, K ni asilimia 10, M ni asilimia 20. Kwa krosova J na K zinafaa. M ikubaliwe pale tu ambapo imepimwa na kuonekana iko karibu na thamani inayotakiwa.

Volti zilizoandikwa ni kiwango cha juu ambacho kapasita huvumilia. Kapasita ya volti nyingi zaidi kuliko ya zamani haina ubaya wowote isipokuwa ukubwa wake na bei. Ya volti pungufu isiwekwe kamwe. Amplifaya ya wati 100 katika spika ya omu 8 hufikisha kilele cha volti 40, na ya wati 200 karibu volti 57. Kwa maboksi ya mikutano, kuagiza kapasita za volti 100 ni jambo la salama.

Jambo linalokosewa zaidi madukani ni la upande. Kapasita za kawaida za redio na televisheni, zile za kopo zenye mstari wa alama ya kutoa upande mmoja, zina mguu wa chanya na mguu wa hasi. Mkondo wa sauti hauna chanya wala hasi, huenda na kurudi. Kapasita ya namna hiyo ikiwekwa peke yake katika krosova huharibu sauti, huchoka upesi, na huweza kuvimba. Ya krosova ni ile isiyo na upande, iliyoandikwa NP au BP, au ya plastiki ambayo kwa asili yake haina upande. Muuza duka asiyejua atasema “hii ni ile ile, mikrofaradi ni zile zile.” Si ile ile.

IPI ICHAGULIWE

Thamani iwe ile iliyoandikwa katika kapasita ya zamani, siyo ile iliyopimwa baada ya kuchoka. Jambo hili laweza kuonekana kama halihitaji kusemwa, lakini wapo waliopima kapasita mbovu, wakaona 3.9, wakaenda kununua 3.9. Maandishi yakiwa yamefutika, isomwe ile ya boksi la pili. Na zibadilishwe katika maboksi yote mawili kwa aina moja, ili upande mmoja wa mkutano usisikie tofauti na mwingine.

Kuhusu aina, kwenye njia ya twita iwekwe kapasita ya plastiki, ya polipropilini au ya poliesta. Haina maji ya kukauka. Itakaa ghalani misimu mingi bila kubadilika, na kwa mali inayokaa bila kutumika miezi kumi katika mwaka, hiyo ndiyo sifa ya kwanza. Polipropilini ni bora kidogo, lakini poliesta ikiwa ndiyo iliyopo isikataliwe. Kwenye njia ya wufa, ambako thamani hufika mikrofaradi 20, 30 au zaidi, kapasita ya plastiki huwa kubwa kama kopo la maziwa na bei yake hupanda vivyo hivyo. Huko inatosha ya maji isiyo na upande, ilimradi ni mpya. Itakapochoka tena baada ya miaka, haitaficha konsonanti za mtu.

Zipo pia kapasita za bei kubwa mno zinazosifiwa na wapenzi wa muziki wa nyumbani, zenye waya wa fedha na mapambo mengine. Chini ya mwembe, pikipiki zikipita na watoto wakicheza, hakuna sikio litakaloona tofauti. Chama kisizinunue.

Thamani kamili isipopatikana, kapasita mbili huunganishwa sambamba na thamani zake hujumlishwa. 4.7 na 2.2 hufanya 6.9, ambayo inatosha kabisa mahali pa 6.8. 3.3 mbili hufanya 6.6. 6.8 na 3.3 hufanya 10.1. Volti zihesabiwe kwa ile iliyo ndogo zaidi kati ya hizo mbili. Zikiunganishwa kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, thamani haijumlishwi bali hupungua: mbili zilizo sawa hutoa nusu ya moja. Kwa njia hiyo, katika dharura, kapasita mbili za kawaida zenye upande huweza kuunganishwa hasi kwa hasi zikawa kama moja isiyo na upande. Mbili za 10 hutoa 5. Ni dawa ya kuvusha mkutano wa kesho, na baada ya mkutano itafutwe ya kudumu.

KAPASITA YA PANGABOI

Kapasita za krosova hazipatikani katika kila duka la Mpanda. Kuagiza Kariakoo huchukua siku, na kumtuma mtu kuzifuata ni hasara ya wazi, kwa kuwa nauli huzidi bei ya kitu kinachofuatwa. Lakini kipo kifaa kilichomo katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, ambacho watu hawakifikirii, nacho ni kapasita ya pangaboi. Kile kisanduku cheusi au cheupe kinachofichwa juu ya feni ya dari ni kapasita ya plastiki, kwa kawaida ya polipropilini, isiyo na upande, iliyotengenezwa kuvumilia volti 400 au zaidi za umeme wa nyumbani, tena mfululizo. Kwa kazi ya twita ni zaidi ya inavyohitajika, na hakuna ubaya.

Thamani zake za kawaida ni kama 1.5, 2.5 na 3.5. Mbili za 2.5 zikiwekwa sambamba hutoa 5, ambayo inafaa mahali pa 4.7. Mbili za 3.5 hutoa 7 mahali pa 6.8. Ya 2.5 na ya 1.5 hutoa 4. Ubaya wake ni ukubwa, lakini ndani ya boksi la mikutano nafasi si haba.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ipimwe dukani kabla ya kulipiwa, maana yaliyoandikwa nje na yaliyomo ndani si daima kitu kimoja. Pili, isichanganywe na kapasita ya kuanzishia mota za pampu na mashine za kusaga. Ile ni ya maji, thamani yake ni kubwa mno, nayo imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu. Na anayechukua kapasita kutoka katika feni iliyokuwa ikifanya kazi, miguu yake iguswe pamoja kwanza kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, kwani huweza kuwa bado imehifadhi umeme.

KUFUNGA NA KUTUNZA

Kapasita ya plastiki ni nzito kuliko ile ya zamani, nayo haifai kuning'inia kwa miguu yake. Boksi la chama husafiri juu ya bajaji na matrekta katika barabara za vumbi. Kiungo kilicholehemiwa hukatika kwa mtikisiko. Ibanwe kwa gundi au ifungwe kwa kamba ya plastiki juu ya kibao. Tarehe na thamani ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boksi. Fundi atakayelifungua baadaye hatajua mengine.

Baadhi ya twita mpya huungua si kwa kosa la kapasita bali kwa amplifaya inayolazimishwa. Betri ikiwa dhaifu, au jenereta ndogo ikizidiwa, na mtu akazidi kuongeza sauti, amplifaya hukata vilele vya sauti na kutoa mkwaruzo. Mkwaruzo huo umejaa sauti nyembamba zenye nguvu, nazo hupita katika kapasita njema bila kizuizi. Mpanda iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na mazoea ya kuongeza sauti ili kushinda umeme hafifu bado yapo kwa waendesha mitambo wengi. Sauti ikianza kukwaruza, ipunguzwe.

Spika za honi zinazofungwa juu ya paa au mti ni habari nyingine. Nyingi hazina krosova, na zikinyamaza huwa ni utando wake au transfoma yake.

KARATASI ZAKE

Kwa kuwa gharama ni ndogo, makatibu wengine hulipa kutoka katika fedha taslimu bila maandishi, na hapo ndipo jambo jema linapogeuka hoja ya ukaguzi. Malipo yaingizwe katika fungu la matengenezo, siyo la ununuzi wa mali. Barua ya kuagiza itaje thamani, volti, aina, na maneno “isiyo na upande”, kwa mfano: kapasita mbili za mikrofaradi 6.8, volti 100, za plastiki, zisizo na upande. Stakabadhi ya duka na ya fundi zitenganishwe. Kapasita za zamani zirudishwe na fundi, ziwekwe katika bahasha pamoja na vipimo vyake, na bahasha iambatishwe na hati ya malipo. Mkaguzi wa COASCO akiuliza, jibu liko mkononi. Mahali ambapo kamati ilikwisha kutenga fungu la maboksi mapya, matokeo ya vipimo yaletwe kwake kwanza kabla fungu hilo halijatumika; mabadiliko ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu ni ya mkutano mkuu.

Chama cha upande wa Shanwe kilifanya jaribio moja lisilo na gharama, kabla na baada ya matengenezo. Mjumbe wa kamati alisimamishwa mahali pa mwisho penye watu, mgongo wake ukiwa umeelekea maboksi, na karatasi mkononi. Katibu akasoma katika kipaza sauti namba kumi na mbili zilizochanganywa za sita, tisa, sitini na tisini, bila kuzirudia, kwa mwendo ule ule anaosomea mahesabu. Mara ya kwanza mjumbe aliandika saba sawasawa, ambayo ni karibu na kile ambacho angekipata kwa kurusha sarafu. Kapasita zikabadilishwa, nne za pangaboi za 3.5, mbili kwa kila boksi. Mara ya pili aliandika kumi na moja. Ile ya kumi na mbili alidai kwamba pikipiki ilipita, na waliokuwepo walikiri kwamba ilipita kweli.